Kopo Jekundu la Bi Froukje

Bi Froukje alikuwa na mche mmoja tu wa bangi kwenye roshani yake, na asubuhi ile Bwana Terpstra, mwenyekiti wa jengo la wazee, alikuwa anakuja kumwamuru aung'oe. Harufu, kasema. Ebo! Mtu nyonga imemchakaa, usiku halali, anaambiwa habari za harufu!

Maua ya mche huo aliyahangaikia kweli. Kuyavuta, kikohozi kilimtoa machozi. Mjukuu akamletea kimashine cha mvuke, kikamuunguza vidole. Akayatia kwenye chai, akaamka kwenda msalani tu. Mwisho akayachemsha kwenye siagi, akapika biskuti, na hapo ndipo alipopata usingizi. Hizo alizitia kopo jekundu, dirishani. Za wageni, zisizo na bangi, kopo la buluu.

Saa nne kamili kengele ikalia. Froukje akamimina kahawa, akafungua kopo la buluu, Terpstra akachukua moja, kifuniko kikarudi pap! Ndivyo ilivyo desturi ya kwao, mgeni ni biskuti moja. Kuomba ya pili ni aibu ya kufa nayo.

"Niachie mche wangu, Bwana Terpstra. Nitateseka."

"Kanuni ni kanuni, mama. Nitakusomea barua yote."

Froukje akaenda jikoni kuchemsha kahawa nyingine, roho inamuuma. Aliporudi, mwenyekiti alikuwa anajifuta masharubu.

Akasoma karibu saa nzima. Kwenye kifungu cha tisa akakwama.

"Ro-sha-ni," akasema, akaangua kicheko. "Hebu lisikilize neno lenyewe! Roshani!"

Froukje akatupa jicho dirishani. Kopo jekundu lilikuwa wazi, na biskuti tatu hazipo.

"Mungu wangu! Zile ni za bangi! Mimi nusu tu inanilaza mpaka asubuhi. Ngoja nimpigie daktari nimweleze."

Kicheko kikamkauka Terpstra. "Umweleze nini? Kwamba nilikula ya pili?"

"Ya nne."

"Bila kukaribishwa?"

"Nitasemaje sasa?"

Mwenyekiti akaichana barua vipande vipande. "Harufu gani? Mimi sisikii harufu yoyote. Usimwambie mtu, mama, nakusihi."

Daktari akapigiwa hata hivyo. Akasema mgonjwa alale, asiachwe peke yake. Froukje akamlaza kwenye kochi, akamfunika blanketi, akakaa kando yake. Mche wake umepona! Alitaka kulia kwa furaha.

"Bi Froukje," sauti ikatoka chini ya blanketi, "njaa inaniua. Lile la buluu halifunguki tena?"

"Moja umeshakula, Bwana Terpstra. Kanuni ni kanuni."