Binti wa Pili

Nilimkuta babu kwenye daftari la ndoa, akioa miaka minne baada ya kifo chake.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Jina lake, jina la baba yake, kazi: askari mstaafu. Namba ya jeshi ilikuwa ileile niliyoikuta asubuhi kwenye orodha ya kikosi, mahali ambapo nilitegemea neno “amefariki” nikakuta “ameachiliwa jeshini”.

Kwetu babu alikuwa shujaa aliyefia vitani. Bibi hakuolewa tena hadi anaingia kaburini. Mama, mtoto wao wa pekee, alikua akikatazwa kulia ovyo, kwa kuwa yeye ni binti wa askari.

Mtunza nyaraka, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniona nimeduwaa. Aliniambia kwa upole kwamba amekwishaona marehemu wengi wakihesabiwa na serikali wakiwa wazima wa afya, kisha akaniletea sensa ya mji ilikofungwa ndoa ile.

Mkuu wa kaya, babu. Mke. Binti, miaka miwili.

Jina la binti lilikuwa la mama yangu.

Kaka alinisihi nifunge mdomo. Mama ana miaka themanini na moja, alisema, tusimuue kwa makaratasi. Nikakubali. Lakini Jumapili, tukikunja nguo chumbani kwake, mama aliniuliza mbona siku hizi simtazami usoni. Nikamweleza yote.

Hakulia. Aliniomba nimsomee tena ule mstari wa binti, polepole.

“Kwa hiyo alikuwa akiliita jina langu kila siku,” alisema.

Sikujua kama anajifariji au anajitonesha kidonda. Alilaza shuka magotini, akainyoosha kwa viganja, akarudia kuinyoosha ingawa haikuwa na kunjo hata moja.

“Huyo mdogo wangu yupo?”

Nilimwambia sijui.

“Mtafute. Na ukimpata, usianze na habari za baba. Mjulie hali kwanza.”

Ilinichukua miezi mitano. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye sauti nzito kidogo kama ya mama. Naye alikuwa amelelewa akijua kwamba yeye ndiye mtoto wa kwanza wa baba yake. Nilimjulia hali, kisha nikampa mama simu.

Mama alitaja jina lake. Upande wa pili likatajwa lilelile. Hakuna aliyekata simu.