Kisima Kilichohamia Kwenye Betri

Jumatatu asubuhi Ndugu Hilari, ofisa wa visima, aliisukuma pikipiki ya serikali mpaka karakana ya Mabruki pale Ipuli, shati limemlowa jasho. Alisema haina taa, haina honi, na kiki ameipiga mpaka goti linauma lakini injini haiitiki. Mabruki alimwambia aiache. Katika miaka kumi na mitatu tangu Uhuru hapakuwa na pikipiki iliyotoka kwake ikarudi inasukumwa, na jambo hilo alipenda lijulikane.

Alianza na fyuzi, ikawa nzima. Akafuata nyaya moja moja kwa vidole, kutoka kwenye taa hadi kwenye swichi, akasugua kutu. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye injini huku akipiga kiki. Hakuna cheche. Basi akachukua kibalbu chake cha kupimia, akakiunga kwenye betri, nacho hakikuwaka hata kidogo. Akafungua vifuniko vitatu vya betri, akachovya kidole, akakigusisha ulimini. Tindikali huuma. Hii haikuuma. Yalikuwa maji matamu ya baridi, yenye harufu ya mtungi.

Mabruki akasonya, akaipindua betri juu ya ndoo ili aimwage. Ndoo ikajaa. Akaleta debe, nalo likajaa. Mkewe, Kuluthumu, akatoka na karai la nguo chafu, maana maji ya bure hayaachwi yapotee, na kufikia adhuhuri alikuwa amefua mpaka mapazia. Betri, kitu chenyewe cha ukubwa wa tofali, ilikuwa bado inamwaga. Mabruki aliudhika kwelikweli. Hitilafu za umeme alizijua zote. Hii ilikuwa kazi ya fundi bomba.

Kesho yake akaja Bibi Ng'washi, ametembea tangu alfajiri kutoka kijiji kipya cha Tuungane, mbele ya Ntalikwa, kibuyu kitupu begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kisima chetu."

Alieleza bila haraka. Walipohamishwa kutoka kwao, kando ya njia ya misafara ya zamani, alichota kibuyu kimoja cha maji ya kisima chao. Ndivyo kwao wanavyohama: maji ya zamani humwagwa pale kitakapokaa kisima kipya, ili kisima kijue watu wake wamekwenda wapi. Huko Tuungane waliahidiwa kisima kabla ya mvua. Mvua zikapita mara mbili, wanawake wakawa wanatembea saa tatu kufuata maji na saa tatu kurudi. Siku moja Ndugu Hilari akafika, pikipiki ikamwangukia mchangani, betri ikamwagika, akaomba maji ya kuijaza. Kijiji kizima hakikuwa na maji ila yale ya kibuyu.

"Nikamwuliza, ndipo hapa mnapotuwekea kisima? Yeye alikuwa anatazama saa. Akanionyesha tundu la betri, akasema, ndiyo mama, hapo hapo, mimina."

Mabruki hakuona kosa la bibi hata kidogo. Akaanza kuifunga betri kwa kamba ili bibi aibebe vizuri, roho yake imetulia kabisa. Ndipo Ndugu Hilari akaingia.

"Hiyo haiondoki," akasema. "Ghala la serikali halitoi betri mpya mpaka ya zamani irudishwe. Ina namba."

"Lakini ni kisima cha watu, Ndugu."

"Sikatai kwamba ni kisima. Nasema kina namba."

Hilari hakuwa mtu mbaya. Maskini, aliogopa fomu tu. Alifikiri, akamwahidi bibi kwamba haki yake haitapotea, ataiandika. Na kweli aliandika. Kwenye daftari kubwa la ofisini, mbele ya jina la Tuungane, aliandika: Kisima kipo, kinatunzwa ghalani. Kwa kuwa kipo, jina la Tuungane likafutwa kwenye orodha ya vijiji vinavyosubiri kuchimbiwa.

Betri ikawekwa rafu ya tatu. Maji yakapita chini ya mlango, na mtunza ghala akapanda mchicha. Wanawake wa Tuungane walipewa hati ya ndoo moja moja kwa wiki. Nyuma yao walipanga foleni wapagazi waliokufa miaka themanini iliyopita, pembe za ndovu mabegani. Walikuwa wakinywa maji ya kisima kile wakienda pwani na wakirudi, na hawakuona sababu ya kubadili. Nao waliambiwa walete hati.

Jumamosi Mabruki alifunga betri mpya. Taa ikawaka, honi ikalia mpaka kuku wakatawanyika. Akapanda nyuma ya Hilari, wakaenda kuijaribu barabara ya Ntalikwa. Katikati ya safari honi ikafifia, injini ikazima. Mabruki akafungua vifuniko: ghala lilikuwa limetoa betri iliyojazwa nusu.

Bahati nzuri wanawake wa Tuungane walikuwa wanakuja kutoka ghalani, ndoo vichwani, Bibi Ng'washi mbele na kibuyu chake.

"Shikamoo, mama," Hilari akasema. "Naomba maji kidogo ya betri."

Bibi Ng'washi akamtazama bila chuki.

"Hati unayo?"

Hakuwa nayo.

"Yetu imeandikwa kunywa na kupika, baba. Pikipiki haimo."

Wakapita mmoja mmoja, wakashika njia ya nyumbani. Hilari akashika usukani, Mabruki akasukuma, kichwa ameinamisha, akiwaza watu wa Ipuli watakavyomwona. Wapagazi wawili waliokuwa wakirudi kutoka ghalani midomo mikavu walitua pembe zao kando ya barabara, wakaja kusukuma naye, kwa mazoea.

"Eti Tuungane wameshapata kisima?" mmoja akauliza.

"Kipo," Hilari akajibu kutoka mbele. "Kipo kwenye daftari."

Mpagazi akaitikia kwa adabu, akaendelea kusukuma.