Mumo Hajala

Nthoki hakuwa mtu wa kuacha mtoto atoke kwake na njaa. Hata angekuwa wa jirani aliyekuja kuomba kiberiti, angeondoka anatafuna. Sembuse Mumo, mjukuu wake wa damu, aliyefika gredi ya sita na bado watu wa ploti pale Huruma wakimuuliza kama ameanza nasari. Asubuhi ile alimpikia chapati, akammiminia chai ya maziwa yenye sukari ya kueleweka, akamkalia hapo hapo mpaka kikombe kikakauka. Na mtoto alikula, jamani, mpaka akaomba nyingine. Nthoki akafurahi, maana siku zote Mumo alikuwa wa kuchokoachokoa chakula.

Baba yake, Wesonga, alikuja kumchukua ampeleke maabara ya pale barabarani akapimwe damu. Mtoto alikuwa amelala kwa nyanya yake kwa sababu hiyo tu, kwamba ni karibu. Wesonga hakupanda ngazi. Angepandaje? Kwa Wakamba mkwe haingii kwa mama mkwe, wala hawatazamani usoni, na kwa Waluhya, kwao Wesonga, mambo ni hayo hayo. Katika ndoa nzima hilo ndilo jambo ambalo pande zote mbili ziliafikiana bila kikao. Basi alisimama getini akamtuma jirani amwitie mtoto. Nthoki alichungulia dirishani, akaona koti la mkwewe la kazi ya reli likikata kona, akarudi kuosha sufuria.

Stima ilikuwa imepotea tangu jioni, simu ikaishiwa chaji. Iliporudi, simu ikawaka, na ujumbe wa binti yake Kavata ukaingia. Ulikuwa wa jana.

“Mama, Mumo asile kitu asubuhi, hata chai. Akila, kipimo kitadanganya. Homoni ya kukua itaonekana chini, waseme hana, na atadungwa sindano kila usiku miaka na miaka bure. Nimemwambia na yeye pia.”

Nthoki alikaa kitandani. Alimpigia Kavata akaambiwa mteja hapatikani, kwa kuwa kule kiwandani anakofanya kazi simu huachwa getini mpaka zamu iishe. Na namba ya Wesonga hakuwa nayo, angeiwekea nini? Mkwe humpigii kumuuliza ameamkaje.

Akajitupia leso mabegani, akatoka hivyo hivyo na mikono yenye povu. Njiani alikuwa akijilaani kwa Kikamba na kumlaani mtu wa stima kwa Kiswahili. Aliwaza vile vipaja vyembamba vya Mumo, kila usiku sindano, na mwenye makosa ni yeye na chapati zake.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye pazia. Mumo alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, pamba imebanwa kwenye mkono. Damu ya kwanza ilikuwa imeshatolewa. Mpimaji, kijana anayeitwa Abukar, alimshikia gilasi ya maji na kidonge.

“Akishameza hiki,” alikuwa akimwambia Wesonga, “mwili unaamshwa utoe homoni. Tutachukua damu tena na tena tuone imepanda kiasi gani.”

Wesonga alimwona mama mkwe mlangoni. Papo hapo akainuka akageukia ukuta, kwa heshima zake zote.

“Asimeze,” Nthoki alisema. “Huyo mtoto amekula.”

Abukar alisita. “Mama, nimemuuliza, amesema hajala. Wewe ni nani wake?”

“Nyanya yake. Amekula kwangu.”

“Mumo,” Wesonga aliuliza akiwa bado ameukazia ukuta macho, “umekula?”

“Sijakula, baba.”

Alilisema hilo kwa macho makavu, bila kupepesa. Nthoki alihisi uso unamwaka moto. Mtoto aliyelamba mafuta ya chapati vidoleni mbele yake!

“Muda unaenda,” alisema Abukar. “Mzazi ndiye wa kuamua. Baba, tuendelee?”

Wesonga alikuna shingo. Amuulize mtoto, mtoto keshajibu. Amuulize mama mkwe, hawezi. Siku ya kupimwa walikuwa wameisubiri tangu shule zilipofungwa, na kazini alikuwa ameomba ruhusa ya siku hii tu. Nthoki alimwona mabega yakishuka, akajua sasa hivi atasema ndiyo. Mumo alikuwa ameshafungua mdomo.

Nthoki akapiga moyo konde. Akaingia katikati ya mkwewe na ukuta, pua kwa kifua.

“Wesonga.”

Jina lile hakuwahi kulitia kinywani tangu mahari. Mwanamume alishtuka, akafumba macho.

“Fumbua uniangalie. Nilimpa chapati kwa mkono huu. Na chai, na sukari. Unadhani nimekuja kukuvunjia heshima kwa mchezo?”

Alifumbua. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala kwa wasiwasi, na Nthoki akamwonea huruma.

“Simamisha, daktari,” Wesonga alisema. Kisha, polepole, “Asante, mama.”

Abukar akarudisha kidonge chupani. Wote watatu wakamgeukia Mumo.

“Si mama yako alikwambia usile?” baba yake aliuliza. “Ulijua kabisa.”

“Nilijua.” Mumo aliibonyeza ile pamba mkononi. “Alisema nikila, wataona homoni haiko. Basi wangenidunga ile dawa, nirefuke. Ndio nikala sana.”

Nthoki alimkaribia amshike bega, mtoto akalisogeza pembeni.

“Usijali,” Abukar alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa. “Utarudi siku nyingine bila kula, tupime vizuri. Kama homoni haitoshi kweli, utapata dawa.”

“Na mkikuta inatosha?”

Abukar alimtazama Wesonga. Wesonga, kwa mara ya pili maishani, alimtazama mama mkwe.

“Susu, si wewe ndiye umewaambia nimekula,” Mumo alimwambia nyanya yake. “Wakikuta inatosha, mimi nitarefushwa na nini?”