Siku Tisa Nilizozitunga

Asubuhi, ziwa likiwa bado halijaamua litavaa rangi gani, mimi hushuka mwaloni kwetu, nikakunja khanga, nikaingia maji ya magotini kusoma rula ya chuma iliyosimikwa pale. Inanizidi urefu. Serikali iliiweka kupimia ziwa linapopanda na kushuka, na kazi ya kuisoma nimeifanya miaka kumi na tisa. Ukungu ukitanda hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na mara nyingine nahisi ni ziwa ndilo linalonisoma mimi. Sisemi hivyo mbele za watu. Watu wa huku kwetu ukiwaambia jambo la namna hiyo wanakutafutia mganga.

Namba nilikuwa naziandika daftarini, na daftari likijaa nalipeleka ofisini mjini. Kule lilimezwa. Sikuwahi kuona mtu akilifungua, nikajua naandikia panya.

Kumbe wapi. Mwaka jana ofisi ile iliziweka namba zote kwenye mtandao, yeyote azichukue, azitumie apendavyo, bila barua wala kumbembeleza mtu. Binti mmoja wa Nyakato aitwaye Precious, mchora ramani, akazichukua. Kijiji chetu kilikuwa kinatafuta mahali pa kujenga zahanati. Precious akachora mstari kuonyesha maji yalifika wapi mwaka ule ziwa lilipojaa, ramani ikabandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji ili kila mtu aione na aseme neno lake kabla msingi haujachimbwa. Kiwanja kilichopendwa kilikuwa juu kidogo ya mstari, tambarare, karibu na barabara.

Mkutanoni alisimama Malimi peke yake. Ni mfugaji, mtu wa maneno machache.

"Hapo maji yalipita," akasema. "Ndama wangu alifia hapo hapo. Nilimtoa mwenyewe."

Precious akamjibu kwa adabu. "Samahani babu. Nimeangalia namba za kila siku za mwezi ule. Maji hayakufika hapo hata siku moja."

"Mzee, ndama wako alikufa kwa kiu!" mtu mmoja akapaza sauti, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Malimi akakaa. Mimi nilikuwa safu ya pili, nimeinamisha uso, nachezea pindo la khanga. Nilijua Malimi anasema kweli. Namba zilizomshinda nilizitunga mimi.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule, ziwa likiwa linapanda, mume wangu Mashimba alifariki. Kwetu mjane hatoki matangani. Unakaa chini kwenye mkeka, wenzio wanalia, wewe unalishwa, unaogeshwa, na jua linapita dirishani bila kukuhusu. Mvua ilinyesha mfululizo, mto ukashuka na mafuriko yake, na ziwa nikalisikia kwa mbali, ndani ya usingizi, likisogea na kurudi. Matanga yalipoanuliwa, maji yalikuwa yameshapanda na kuondoka. Nikafungua daftari, nikakuta siku tisa tupu.

Ningeziacha tupu. Lakini niliogopa ofisi itasema Bernadeta mvivu, impe kazi mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimebaki na rula ile tu ya kuniamsha asubuhi. Basi nikachukua namba ya siku ya kabla na ya siku ya baada, nikajaza katikati kidogo kidogo, kama fundi anayeshona kiraka kisionekane. Kikashonwa kweli, hakikuonekana.

Baada ya mkutano nikaanza kuziota zile siku tisa. Zilikuja kama wanawake tisa waliofunga vitambaa vyeusi, wakitembea juu ya maji bila haraka kuelekea zahanati ambayo bado haijajengwa. Ndani vitanda vilikuwa vinaelea polepole, vinagongana. Juu ya kimoja, mama aliyejifungua alikuwa ameinua kichanga chake kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yakiendelea kupanda kwa utulivu, bila ubaya wowote, kama yafanyavyo siku zote. Hakuna mwanamke hata mmoja kati ya wale tisa aliyegeuka. Niliamka nina hofu niliyoweza kuishika kwa mkono. Msingi ulikuwa uchimbwe Jumatatu.

Alhamisi asubuhi Precious alinifuata mwaloni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, tope la hapa halirudishi."

Akacheka, akavua. "Nilitaka kumwona mwenye zile namba. Vituo vingi nimevipitia, wengine wanaruka wiki, wengine mwezi. Wewe mama huna pengo hata siku moja."

Afadhali angenizaba kibao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe kisingekuwa changu.

"Zimo siku tisa za uongo," nikasema.

Nikamweleza yote, tumesimama majini, ukungu umetuzunguka kiasi kwamba nchi kavu haikuonekana. Ilikuwa rahisi kusema mahali pasipo na ukuta wala mlango. Nilingoja hasira yake. Yeye akaitazama rula.

"Mstari wangu naweza kuufuta leo," akasema. "Lakini yule babu alichekwa hadharani."

"Najua. Na mimi nitasema hadharani."

"Na kazi yako je, mama?"

"Ofisi nimeshawaandikia barua, tangu ndoto zianze. Wataamua wenyewe."

Jumapili baada ya misa watu wakakusanyika ofisi ya kijiji. Nikasimama mbele ya ramani. "Aliyedanganya ni mimi," nikasema. "Nilikuwa matangani, sikupima, nikatunga. Malimi alisema kweli." Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema msingi usichimbwe, kitafutwe kiwanja cha juu zaidi. Nikamwendea Malimi, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha.

Alivua kofia, akaishika muda mrefu.

"Mashimba tulimzika siku ya ngapi?" akauliza. Kisha akajisahihisha. "Mlimzika."

"Siku ya pili."

"Siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye kiwanja kile, naenda huku na huku namtafuta ndama. Maji yalikuwa hapa." Akaweka kiganja kiunoni. "Ndiyo maana sikuja kumzika rafiki yangu. Nikaona haya kukwambia. Ungeniuliza, kati ya ndama na Mashimba nani mkubwa? Na jibu sikuwa nalo."

Sikuwa najua kama hakuja. Siku ile sikumwona mtu yeyote. Nikamwambia hivyo, naye akafuta macho kwa kofia.

Precious alikuwa ametoa futi ya kupimia. Akachuchumaa, akaipima kutoka ardhini hadi kwenye kiganja cha mzee, ambacho kilikuwa bado hakijaondoka pale kiunoni. Akanitazama.

"Namba ya siku ile niandike hii, mama?"

Nikalia, kilio kile ambacho matangani kilikataa kutoka.

"Andika," nikasema. "Na jina lake Malimi uliweke, wajue nani alikuwepo."