Mtaliano wa Longino

Shemeji yangu Sixbert alitaka kumuuza Mtaliano kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Alilisema hilo mbele ya ukoo mzima kijijini kwao, Namtumbo, siku tulipoondoa tanga la mume wangu Longino. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Mtaliano ni gari. Limetengenezwa Italia mwaka sabini na mbili, dogo, la bluu, na Longino alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Sitalisifia uongo. Kutu imekula sakafu upande wa abiria, ukiinama unaiona lami. Ukiwasha taa, honi inakufa. Pampu ya maji ikiharibika huipati Songea wala Dar, inaagizwa nje, na kwa bei yake unanunua mbuzi watatu. Fedha alizozamisha humo Longino zingeezeka nyumba ya pili, na kwa miaka ishirini na minne nilimgombeza kwa ajili hiyo. Lakini kumgombeza mume wangu ilikuwa kazi yangu, si ya Sixbert.

Nikasimama. Wanawake wa ukoo wakanivuta kitenge nikae, nikakataa.

"Mwakani tutakapoweka msalaba wa chuma kaburini," nikasema, "gari hili ndilo litakaloubeba kutoka Songea mpaka hapa, na mimi ndiye nitakayeliendesha. Likifika, ni langu na lisiongelewe tena. Lisipofika, Sixbert achukue."

Wazee wakakubali. Sixbert akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwezi Mei, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, nilikwenda kujaribu njia. Nilijaza petroli ya kwenda Namtumbo na kurudi. Haikunifikisha hata nusu ya kwenda. Mtaliano alikuwa anakohoa, anatoa moshi mweusi, na kila nilipokirudisha ndani kitufe cha choki, kile cha kuongeza petroli mashine ikiwa ya baridi, alizima. Nilivutwa kwa kamba na lori la mahindi mpaka Ruhuwiko, nyumbani. Jioni ile ile Sixbert akaweka picha yangu nikivutwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na chini yake akaandika: "Kilo ngapi?" Sijui nani alimpelekea. 

Asubuhi yake nilikuwa gereji kwa fundi Muhsini, anayelitengeneza gari hilo tangu enzi za Longino. Alifungua plagi, zote nyeusi kama masufuria ya kuni.

"Mama Kunegunda, hili linakunywa tu. Ndivyo yalivyo haya ya Kitaliano, yana kiu," akasema. "Wallahi, mimi ningekuwa wewe ningeliacha."

"Wewe si mimi," nikamjibu, nikaondoka na kile kitabu cha gari kilichokuwa chini ya kiti. Longino alikuwa anakifungua mara kwa mara na kuangalia picha. Maneno yake ya Kitaliano hakuyajua hata moja.

Nilimpelekea Sista Beata, ambaye alisoma uuguzi Italia ujanani. Nilimkuta bustanini kwenye sukuma wiki zake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Mwanangu, umekuja na kitabu cha sala?"

"Nimekuja na cha petroli, Sista."

Alivaa miwani, akasoma polepole huku akitafsiri. Tulipita matairi, tukapita breki. Kwenye ukurasa wa kupoza mashine, kidole chake kikasimama juu ya picha ya kidude kama uyoga. Kidude hicho, themostati, akasoma, huzuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka mashine ipate joto lake. Kikiondolewa sehemu za baridi, mashine haipati joto, na petroli inaliwa bure.

Nilitoka pale bila kunywa chai. Songea mwezi Mei tunalala na blanketi mbili!

"Muhsini, themostati ya gari langu iko wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza jino lake la utotoni liko wapi. "Nilitoa zamani, mama. Natoa kwenye magari yote. Zinabana maji, mashine inachemka."

"Ulijifunzia wapi?"

"Lindi."

"Lindi kuna joto! Hapa umeiona Lindi wapi?" Nilimpa vidonge vyake mbele ya wateja wote, na namshukuru Mungu kwamba sikuyashika yote niliyoyasema. Muhsini aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalimwaga mezani. Themostati zilikuwa zaidi ya arobaini.

"Unazitunzia nini?"

"Shaba, mama. Shaba haitupwi."

Tukachambua pamoja, kitabu kikiwa wazi mbele yetu. Moja tu ilikuwa na maandishi ya Kitaliano. Aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama ntilie, na maji yalipokaribia kuchemka ikafungua mdomo. Muhsini aliitoa, ikafunga. Akairudisha, ikafungua. Alirudia mara nne, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Miaka ishirini," akasema taratibu. "Nisamehe, mama." Kazi ya siku ile hakutaka malipo, nami sikumbembeleza apokee.

Jumamosi ya msalaba niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelala barabarani, msalaba umefungwa juu ya gari kwa mipira. Sikubeba mtu. Baada ya kilomita chache nikarudisha choki ndani, roho mkononi. Mtaliano akaendelea kunguruma. Mshale wa joto ukapanda mpaka katikati, ukakaa hapo.

Nusu ya njia, mpira wa maji ukaanza kuvuja. Nikasimama, nikavua kitenge cha kanisani, nikalala chini na gauni langu jeupe, nikaufunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Mikono iliungua. Nikaongeza maji, nikawasha. Nilikuwa nimeapa kufika, hata kama ningemsukuma kwa kifua.

Nilipoingia uwanjani kwa wakwe zangu Namtumbo, watu walikuwa wameshatoka nje kwa sababu ya mlio. Padri alikuwa amevaa tayari. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi ambaye mwaka mzima sikuwa nimelia nikalia kwa sauti, usukani mkononi. Nilitaka Longino aone. Hicho tu ndicho nilichokitaka, na hicho ndicho kisichowezekana.

Mlango wa dereva wa Mtaliano haufunguki kwa ndani. Nilikaa, nikasubiri. Sixbert alisimama pembeni muda mrefu, kisha akaja mwenyewe, akaufungua. Alitazama gauni langu lililojaa vumbi na viganja vyangu vilivyovimba. Tangu mazishi hakuwa amenisalimia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," nikamjibu. "Mshushie kaka yako msalaba wake."