Jiko la Siku Saba

Nyumba ya kwanza Othmani aliikataa kwa sababu ya moshi, na moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Aliingia jikoni, akanusa, akatikisa kichwa, akatoka. Mkewe Mwantumu, aliyekuwa amesimama uani na furushi la sufuria kichwani, hakuamini macho yake. Jiko lilikuwa safi, lina mlango na komeo, mafiga matatu yametulia mahali pake. Mwanamume huyu katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kukanyaga jikoni hata kuomba kiberiti, na leo amekuwa fundi wa moshi!

Walikuwa wamefika Iringa jana yake kwa basi kutoka Mbeya, mtoto wao Mrisho wamemwacha kwa bibi yake, vumbi la njiani lingali masikioni. Othmani, karani wa malori, alikuwa amepewa likizo ya kwanza tangu aanze kazi, na Mwantumu ndiye aliyeomba waje huku. Akaomba na jambo moja zaidi: wasikae kwa ndugu. Wapange chumba chenye jiko lake, apike yeye, mume ale. Siku saba tu. Sababu hakuieleza, maana sababu yenyewe ilikuwa imekaa barazani kule nyumbani ikimsikiliza, nayo ni mama mkwe wake, Bi Siwema.

Kule Mbeya nyumba ni ya Bi Siwema na jiko ni la Bi Siwema. Mwantumu huchambua mchele, hukuna nazi zikipatikana, hupika, hupalia makaa juu ya mfuniko. Chakula kikishaiva, ndipo bibi huingia. Huonja, huguna, hutia chembe ya chumvi, kisha hubeba sinia mwenyewe mpaka kwa mwanawe. Mwisho humpelekea kisahani cha ukoko uliopakwa samli na kumwambia, "Nimekufichia, mwanangu." Mwantumu hubaki na masizi yake, akisikia sauti ya mumewe kutoka mbele: "Ah, mama, mkono wako huu!"

Jioni baada ya jioni, miaka tisa. Ilifika mahali Mwantumu mwenyewe hakujua tena kama utamu ni wake au ni wa ile chembe ya chumvi. Jambo hilo lilimuuma kuliko matusi, kwa sababu matusi angeweza kuyajibu.

Usiku wa kwanza iliwabidi walale kwa Matano, binamu yake Othmani, pale Miyomboni. Matano alikuwa ameapa: "Ikifika alasiri hamjapata chumba, mnarudi hapa, na shemeji yako atawapikia siku zote saba. Ndugu wa damu hapangi mji wenye ndugu yake!" Alasiri, basi. Na jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Dalali wao aliitwa Silvester, mtu mwenye maneno mengi kuliko nyumba. Nyumba ya pili aliyowapeleka ilikuwa na mitungi ya ulanzi uani, inatoa povu, na wanywaji wawili wamekwisha kukaa. Othmani akasema astaghafirullahi, na hapo Mwantumu hakuwa na la kubisha. Ya tatu ilikuwa nzuri. Othmani akasema msikiti uko mbali.

"Msikiti si ule pale?" Mwantumu akamwuliza. "Mbeya unatembea robo saa kwenda kuswali, sijakusikia ukilalamika hata siku moja."

"Mbeya nimezoea," akasema Othmani.

"Mzee, nyumba haikosi kasoro," Silvester akadakia. "Hata mimi mwenyewe ninayo."

Mwantumu alikuwa na hamu ya kumtwanga mtu kwa mwiko, na hakujali ni yupi kati ya hao wawili. Shingo ilimuuma kwa furushi. Mumewe alitembea mikono mitupu, akichagua nyumba kama anayechagua mchumba.

Ya nne ilikuwa Kihesa, kwa mjane mmoja wa Kihehe, Mkatoliki, jina lake Evarista. Uwanja umefagiliwa, kuta zimepakwa chokaa, jiko liko peke yake nyuma. Othmani akauliza habari za nguruwe.

"Hapa hatujafuga hata siku moja," akajibu Evarista. "Alikaa dereva Mwislamu miezi minne, aliondoka amenenepa."

Othmani akatafuta neno jingine, hakulipata. Mwantumu akashusha pumzi, akalitua furushi na kulifungua papo hapo: sufuria mbili, mwiko, mbuzi ya kukunia, mchele wa Usangu, kibuyu cha samli, chumvi kwenye kitambaa. Uso wa Evarista ulianza kubadilika kwenye sufuria, na kufikia chumvi ulikuwa umefunga kabisa.

"Mama, funga vitu vyako."

"Kuna nini?"

"Hapa kwetu mgeni akija na chungu chake, na mchele wake, mpaka na chumvi, anasema neno moja tu, kwamba anaogopa tutamwekea sumu. Mimi sijamlisha mtu sumu. Nendeni salama."

Kabla Mwantumu hajafumbua kinywa, Othmani alikuwa amekwisha kuinama. Yeye ambaye hakubeba hata kijiko tangu asubuhi, sasa alifunga furushi kwa haraka na kulitupa begani.

"Riziki haikuwapo, Mama Mrisho," akasema. "Twende zetu kwa Matano."

Na akatabasamu. Kidogo tu, lakini Mwantumu aliliona tabasamu lile na damu ikamchemka.

"Unafurahi nini?"

"Nani, mimi?"

"Tangu asubuhi unazikataa nyumba za watu! Moshi bila moto, msikiti wa jirani uko mbali! Tua hilo furushi useme."

Othmani alilitua. Alikuwa mtu mpole, na uongo ulikuwa umemchosha yeye pia. "Mama aliniambia siku tunaondoka," akasema kwa sauti ya chini. "Alisema, 'Mwanangu, utakufa njaa huko. Mkeo bado. Nisipoingia mimi jikoni, utakula majivu.' Nami nina siku saba tu za kupumzika, mke wangu."

Silvester aliangalia mawingu. Mwantumu alihisi machozi yanamjia, akayakatalia. Akamgeukia Evarista, ambaye alikuwa mlangoni na alisikia yote.

"Mama, siogopi sumu yako. Chakula chako ningekula na vidole nikalamba. Lakini umesikia mwenyewe. Wewe ulikuwa na mama mkwe?"

"Nilikuwa naye," akasema Evarista. "Miaka kumi na minne."

"Alikuwa anaonja?"

"Alikuwa anaonja, halafu anatema."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Evarista akafungua pindo la kitambaa chake kiunoni, akatoa ufunguo. "Moto uko kwangu, njoo chukua kaa. Ila kesho mtakula ugali wangu, wewe na huyu bwana. Hapo sitaki maneno."

Jua lilikuwa linazama Mwantumu alipoingia chumbani amebeba sinia kwa mikono yake mwenyewe. Othmani akanawa, akasema bismillahi, akameza tonge la kwanza kama mtu anayekunywa dawa. La pili alilitafuna. La tatu likafuatwa na la nne bila kituo. Mwantumu alikaa pembeni, mikono mapajani, akiyahesabu matonge.

Wali ulipokwisha, akamwekea kisahani cha ukoko uliopakwa samli.

Othmani akaumega. Akatafuna, akasita, akakiangalia kisahani.

"Huu ni ukoko wa mama."

"Mama yako yuko Mbeya."

"Najua. Lakini huu..." Akakiinua kisahani, akakinusa. Masikio yake yakaanza kupata moto. "Miaka yote hii?"

"Tafuna kwanza, Baba Mrisho."

Akatafuna. Kisha akainuka na kisahani chake, akaenda mwenyewe jikoni kutazama kama umebaki, na safari hii hakusema habari ya moshi.