Vitalu vya Utepe Mwekundu

Maharage yalikuwa ya kijani kupita kiasi. Mtu mwingine yeyote angemshukuru Mungu akaenda zake kunywa chai, lakini yeye alichuchumaa, akashika koleo dogo, akaanza kuchimba. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na wanafunzi wa uzamivu ni watu wagumu kufurahishwa. Wanafundishwa miaka na miaka kutoamini kitu chochote kizuri mpaka wakichimbe waone mizizi yake.

Shamba lilikuwa la mama yake, na habari yote ilianzia hapo hapo. Mwaka alioanza masomo, udongo ulikuwa umechoka na maharage ya mama yalipiga manjano shamba zima, isipokuwa shina moja karibu na mpaka. Shina lile lilisimama kijani kama halijapata habari za wenzake. Aling'oa mizizi yake, akaifunga kwenye gazeti bichi, akaipeleka maabara. Kwenye mizizi ya maharage kuna vinundu, vivimbe vidogo ambamo bakteria hukaa na kuligeuzia shina hewa kuwa chakula. Alivipasua vinundu vile, akavikamulia kwenye visahani, akangoja. Bakteria wengi walikufa. Wengine waliota mbio mbio, kumbe ni wadandiaji tu. Kisahani kimoja kilikaa kimya muda mrefu, mpaka msimamizi wake, Profesa, akamwambia akitupe kinajaza kabati bure. Hakukitupa. Asubuhi moja akaona doa jeupe, dogo kama kichwa cha pini. Akampa bakteria huyo jina: Kitinda Mimba.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya Kitinda Mimba. Wasichana aliosoma nao walikuwa wamejenga, wameolewa, wengine wameshaachika na kuolewa tena, yeye yuko kwenye beseni anaosha visahani. Aligombania mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu na watu wa maabara ya vyakula, alichemsha udongo, alipoteza kazi ya miezi kwa sababu umeme ulikatika na kabati la joto likapoa. Watu hudhani utafiti ni kazi ya akili. Si kweli, ni kazi ya magoti na subira, na akili huitwa siku mambo yakiharibika.

Mama yake ndiye aliyekuwa akimchekesha. Kila akipiga simu, kabla ya mambo mengine, aliuliza, "Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Amelala."

"Amelala saa hizi?"

"Yuko kwenye friji."

"Mnamlaza mtoto kwenye friji! Ndiyo maana hanenepi."

Majirani walimwuliza mama huyo binti yake anasomea nini hasa, na yeye aliwajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba anasomea wadudu wasioonekana. Wakicheka, aliwaambia hata pumzi haionekani, jaribuni kuiacha.

Sasa msimu huu ulikuwa wa mwisho. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mpaka kikachoka, na Profesa alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Idara nzima hakukuwa na mwingine wa kumsimamia. Kitinda Mimba alikuwa amefaulu kwenye visahani na kwenye makopo ya udongo. Kilichobaki ni shamba la kweli, mvua ya kweli, na hakuna shamba lililomfaa kuliko lile alikotoka. Akapima vitalu, akapanda kwa mkono wake. Vitalu vya utepe mwekundu vilipata mbegu zilizopakwa Kitinda Mimba. Vya utepe mweupe vilipata mbegu tupu. Tofauti baina ya wekundu na weupe ndiyo ingekuwa shahada yake, basi.

"Usiweke kitu chochote," alimwambia mama. "Si samadi, si mbolea."

"Hata jivu?"

"Hata jivu."

"Hata nikiyaona yanakufa?"

"Yaache yafe, mama. Palilia tu."

Mama alirudia maagizo yale kama mtoto anayetumwa dukani, na walicheka wote wawili. Kisha, wiki chache baadaye, kwenye simu, binti alikosea. Alikuwa amechoka na maneno yakamtoka. "Mama, safari hii isipokubali, nimekwisha. Nitarudi hapo na mabegi yangu." Mama akasema, "Itakubali."

Na kweli ikaja picha kutoka kwa mama. Vitalu vyekundu vilikuwa vya kijani kilichokaribia weusi, vyeupe vilikuwa manjano, mpaka ungedhani ni mashamba mawili ya watu waliogombana. Profesa aliikuza picha kwa vidole, akaikuza tena, akatoka nayo kwenye korido akiwaita watu wa ofisi nyingine, "Njooni muone, njooni muone!" Mzee huyo hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alipanga siku hiyo hiyo kwamba Alhamisi angekuja shambani pamoja na mtahini kutoka chuo kingine. Mwanafunzi akatangulia ili achimbe mizizi, avipange vinundu kwenye sinia, wageni wakute meza imeshaandaliwa.

Alipofika, alimwamkia mama, akakumbatiwa mpaka mkoba ukaanguka. Jambo moja tu lilimgusa jicho. Mahindi ya nyuma ya nyumba, yale ambayo mama huyatunza kuliko mboni ya jicho, yalikuwa membamba na yamefifia.

"Mahindi yana nini?"

"Aa, mvua tu hizi. Kaa unywe chai."

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye vitalu.

Na sasa alikuwa amechuchumaa na mizizi mkononi. Ilikuwa mizizi mizuri, mirefu, myeupe, na haikuwa na kinundu. Alichimba shina la pili. Alihamia kitalu kingine, na kingine. Alipata kinundu kimoja kimoja, kidogo kama punje ya mtama, akakipasua kwa ukucha. Kinundu kinachofanya kazi kina wekundu ndani, kama nyama mbichi. Hivi vilikuwa vimepauka.

Kwanza alijilaumu mwenyewe, kama ilivyo desturi ya wanafunzi. Labda Kitinda Mimba alikufa njiani kwa joto. Labda gundi ya kupakia mbegu ilikuwa ya moto. Alikaa chini kwenye udongo na kulifikiria, na hesabu ikakataa. Kama bakteria wamekufa, maharage haya yangekuwa manjano kama ya jirani yake mwenye utepe mweupe. Haya yameshiba. Na maharage yaliyoshiba ni kama mgeni aliyekwisha kula kwingine, hata umwandalie nini hagusi. Hayaiti bakteria, hayatengenezi vinundu, yana haja gani? Kuna mtu ameyalisha.

Aligeuza shingo, akayatazama mahindi ya nyuma ya nyumba.

Mama alikuwa anakuja kwenye kijia na kikombe cha chai, anatembea taratibu isimwagike.

"Mama, ile mbolea ya kukuzia mahindi iko wapi?"

"Iliisha."

"Iliishia wapi?"

Mama aliangalia ndani ya kikombe kana kwamba nzi ameingia.

"Mama! Nilikwambia hata jivu!"

"Yalikuwa yamesimama tu, mwanangu. Hayaendi mbele, hayarudi nyuma. Watu wanapita wanauliza, haya ndiyo maharage ya daktari? Na wewe umeniambia umekwisha. Nikae nitazame?"

"Mwanzoni lazima yasimame! Vinundu vilikuwa bado vinajijenga. Nilikueleza."

"Ulinieleza. Lakini mimi nina macho."

"Kwa hiyo ukaweka kwenye vyekundu tu."

"Si ndivyo vyako?"

Alitaka kucheka, akashindwa. Kwa miaka yote hii alikuwa amejiandaa kusalitiwa, maana maabara si mahali pa malaika. Alifunga kabati lake kwa kufuli, alificha chupa zake nyuma ya chupa za wengine, hakumwonyesha mtu picha za visahani vyake. Angefanyiwa hivi na mwenzake wa maabara angemchukia vizuri, kwa raha zake, mpaka kaburini. Lakini huyu ni mama. Huyu aliyanyima mahindi yake chakula ili amlishe binti yake, na kwa kumlisha akamchinja. Utamchukiaje mtu wa namna hiyo, na utamsameheje?

"Mjukuu, mjukuu, kila siku mjukuu," binti alisema. "Kumbe hukumwamini hata siku moja."

"Wewe nilikuamini. Huyo mdudu ndiye sikumjua."

"Mama, mimi na huyo mdudu ni kitu kimoja! Umenisifu kwa majirani wote, halafu nyuma ya mgongo wangu ukaniona siwezi."

Mama aliweka kikombe chini. Alipozungumza tena, alizungumza kwa sauti ya mtu anayepanga mambo ya jikoni. "Basi sikiliza. Mwalimu wako anakuja Alhamisi. Anataka kuona kijani, mwonyeshe kijani. Akupe cheti chako. Nani atachimba?"

"Nimeshachimba mimi."

"Ufukie."

Hilo lilimuuma kuliko mbolea. Mama, ambaye alimpiga utotoni kwa kusema uongo juu ya sukari, anamwambia afukie.

"Kuna kitalu kimoja tu cha kukuumbua," mama aliendelea, hakuona. "Kile cha chini kabisa, kwenye mteremko. Mbolea haikunitosha, sikukifikia. Tukaking'oe sasa hivi, tuseme mbuzi wamekula."

Binti aliinuka, akashuka mteremko bila kujibu. Kitalu cha mwisho kilikuwa na utepe mwekundu uliofifia kwa jua. Maharage yake hayakuwa na ule weusi wa kujionyesha. Yalikuwa mafupi kuliko ya juu, kijani cha kawaida, cha kiasi, na kitalu cheupe kilichopakana nacho kilikuwa manjano tupu. Alipiga magoti, akaingiza koleo, akainua shina polepole na udongo wake, akaukung'uta.

Vinundu vilijaa mzizi mzima, vimesongamana kama mbegu za papai. Alipasua kimoja. Chekundu. Akapasua kingine. Chekundu.

Alikaa pale na shina mapajani, akalia. Kitalu kimoja si matokeo. Hata yeye, angekuwa mtahini, angesema ni bahati tu, rudia msimu ujao. Na msimu ujao haukuwepo.

Alitoa simu, akampigia Profesa akiwa bado amekaa chini. "Usije Alhamisi. Vitalu vyekundu vimetiwa mbolea... Hapana, si bahati mbaya... Watu wa nyumbani." Profesa alimwuliza kama anajua maana yake. Alisema anajua. Profesa alisema pole, na alisikika kama anataka kuongeza jambo, kisha akaaga.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia yote. Alichuchumaa kwa shida, akashika mzizi, akageuza kile kinundu kilichopasuliwa kwenye kidole chake kilichopasukapasuka kwa jembe.

"Huu wekundu ni wa nini?"

"Ndiyo dalili kwamba anafanya kazi."

Mama alikitazama. Alitazama juu, kwenye vitalu vyeusi kwa kijani, akarudisha macho kwenye mzizi.

"Yaani ningemwacha tu?"

"Ungemwacha tu, mama."